Sikio Lililofundishwa Sala

Kila nyumba nchini ilikuwa na Sikio ukutani, chombo kidogo kilichosikiliza watoto na kuwaita watu wa ustawi wa jamii mtoto akisema ameumizwa. Waumini wa Mlima Safi nao waliwekewa, ila wazee wao waliomba kwanza kifundishwe lugha ya kundi, kijue kwamba penye maombi ni ibada tu, kisije kikawaletea polisi bure. Wakakubaliwa.

Kerubina hakuwa na neno nacho. Tangu aolewe kwenye kundi hilo kilikuwa hakijawahi kumwita mtu, naye alijisikia mwenye bahati kulea mtoto mahali palipotulia namna ile. Asubuhi hiyo alikuwa jikoni akikaanga vitumbua, anaimba, roho yake nyeupe. Binti yake Yunisi alikuwa mkekani, hajagusa chai.

"Mama, leo nisiende kwa Mzee Obadia."

"Kwa nini, mwanangu? Si anakuombea?"

"Sitaki kuombewa tena. Akiniombea anafunga mlango, halafu ananiumiza."

Wimbo ukakatika. Kerubina akageukia Sikio, akingoja taa nyekundu iwake na watu wa ustawi waitwe. Ikawaka ya kijani, na ile sauti laini aliyoizoea kwenye sala za jioni ikasema, "Amina."

Akazima jiko.

"Huwa linanijibu hivyohivyo," Yunisi akasema, "kila nikiliambia."