Kichupa chenye Uzi wa Kijani

Uvumi ulimganda Mama Tumsifu kama kupe: eti Elisante, daktari wa mifugo, damu za mbwa huzimwaga bila kuzipima. Aliukataa. Elisante ni shemeji yake, na ndiye aliyempima mbwa wao, Kifaru, kansa, akasema, "Damu ya Kifaru safi, shemeji. Hicho kivimbe ni mafuta tu."

Lakini kivimbe kile leo kinanywea, kesho kinaumuka chekundu, na mwanawe Tumsifu hali mpaka Kifaru ale. Mama akamrudisha mbwa kwa Elisante.

Elisante alipotoka kunawa, mama akaona kichupa dirishani, nyuma ya majani ya chai. Kilikuwa na uzi wa kijani alioufunga kwa mkono wake siku ile ya kipimo, ili damu ya Kifaru isichanganywe na nyingine. Kizibo hakijaguswa. Damu imekauka, nyeusi.

"Mashine imekufa tangu masika, shemeji," Elisante alisema mlangoni. "Nilitaka upate usingizi."

"Mimi nimelala. Uvimbe je, nao umelala?"

Elisante alinyoosha mkono, na Kifaru akauramba, mkia ukipiga meza.

Siku hizi Mama Tumsifu humwambia kila mwenye mbwa hivi: usiuminyeminye uvimbe. Usiukate nyumbani. Usiridhike na damu peke yake, hata ikipimwa kweli. Uvimbe wenyewe uchomwe sindano, chembe zake zipimwe. Usimpe ndugu kazi ya kukuambia ukweli. Na ukiondoka usiilegeze kamba, maana mbwa hajui, ataurudia mkono uleule uliokudanganya.