Kola ya Shati la Bluu

Tangu kiwanda kifungwe, hakuna aliyenunua shati jipya. Watu walimpelekea fundi cherehani yale ya zamani awageuzie kola: upande uliochakaa uingie ndani, uliojificha utoke nje. Kola hugeuzwa mara moja tu.

Mjane aliweka shati la bluu mezani. "Nigeuzie kola, dada. Shemeji yangu anaenda kuomba kazi, hana la kuvaa. Hili lilikuwa la marehemu."

Fundi alilijua kabla halijakunjuliwa. Alishika wembe, akaanza kufumua huku akitafuta la kusema. Mishono ilikuwa midogo, imebanana, ya mtu aliyeshona bila haraka.

"Haigeuziki," alisema. "Ilishageuzwa." Lilimtoka kikazi, kama anavyowaambia wateja wote.

Mjane alipitisha kidole kwenye ule mshono, polepole, mpaka mwisho.

"Shati hili nalifua mwenyewe," alisema. "Sikuwahi kulileta kwako."

Fundi aliendelea kushika wembe. Mji mzima ulikuwa na cherehani moja tu.

"Mazishini sikukuona," mjane alisema. "Ulimlilia wapi, dada?"