Zamu za Kuleta Maji

"Mguu unaendeleaje leo, Bibi Niyomwungere?" simu ikauliza.

Ilikuwa ile akili bandia ya majirani pale Kitanga, iliyopanga nani amletee bibi maji na nani ampikie tangu alipovunjika mguu.

"Kama umepona, niwaambie wapumzike."

Bibi akautazama mguu. Alfajiri hiyo, umande haujakauka, alikuwa ameteremka peke yake hadi kwenye maharage yake na kurudi bila fimbo. Udongo mwekundu ulikuwa bado mbichi katikati ya vidole.

Akafikiria nyumba itakavyonyamaza.

"Bado unauma," akasema. "Tena unauma sana."

"Pole, Bibi. Basi zamu zinaendelea."

Alipoinua macho, jirani yake alikuwa amesimama mlangoni na ndoo kichwani. Alikuwa amesikia yote.

Jirani akatua ndoo. Akapiga magoti, akachota maji kwa kiganja, akausafisha ule mguu kidole kimoja kimoja, taratibu, kama anayemwogesha mtoto mchanga.

Kisha akaiinamia simu.

"Kesho niandike mimi tena," akasema. "Mguu nimeuona kwa macho yangu. Huu haujapona."