Uzi wa Chini ya Kiti

Nunu alikigeuza kiti miguu juu, akaanza kukata uzi kwa kisu cha jikoni. Alitaka mumewe arudi kutoka Kunduchi akute kitambaa kipya.

Mumewe alikuwa amekinunua kiti hicho Keko baada ya mke wake wa kwanza kumkimbia. Siku zote alisema fundi wa huko ndiye aliyekishona.

Lakini uzi ulikuwa wa nailoni, umefungwa fundo lile lile ambalo mumewe hufungia nyavu zake.

Ndani ya sponji mlikuwa na kanga iliyokauka, ngumu kama kadibodi. Alipoikunjua, zikadondoka nywele zilizosukwa, bado zina shanga.

"Nani kakutuma?"

Mumewe alikuwa mlangoni. Hakufoka. Aliingia, akatia komeo.

"Lete sindano, mke wangu. Nitashona mie."