Njoo Kesho

Kisa chenyewe kilikuwa maharage ambayo Kibwana aliachiwa ayaangalie, akayaunguza. Tunu akaiambia simu kwa hasira, "Nimemchoka huyu, nataka talaka!" Serikali, ambayo siku hizi haimchelewishi mtu, ikamjibu kabla hajafuta machozi: ndoa imevunjwa, asante kwa kutumia huduma zetu.

Jioni Kibwana akapiga hodi, amekuja na maandazi ya moto ya kuombea radhi. Tunu akamkaribisha huku akicheka, lakini mlango ukagoma kufunguka. Haukumtambua tena kama mkazi.

Mama yake Tunu, karani mstaafu wa mahakama, akashusha pumzi.

"Walitutukana sana, mwanangu. Kila aliyekuja kudai talaka nilimwambia njoo kesho. Unajua wangapi hawakurudi?"