Kitana cha Kimbaumbau

Kitana kilidondoka kutoka kwenye begi la mtoto mwenye kipara, na Afande Rula akakikanyaga kabla hakijatulia sakafuni.

"Kipara nacho kinachanwa siku hizi?" aliuliza.

Safu nzima ya bendera ya kikosi cha gwaride cha watoto ilikuwa imepangwa kando ya ukuta wa ofisi, watoto sita wa miaka kumi na moja, kumi na mbili, kila mmoja na begi lake miguuni. Mwenye kitana alikuwa mwembamba kupita wote, ndiyo maana wakamwita Kimbaumbau. Macho yalikuwa yameshamjaa maji, na Rula akaliweka hilo akilini.

Rula hilo si jina la kuzaliwa. Alipewa na vijana wa kikosi kwa sababu ya ile rula aliyotembea nayo kupimia nywele. Kanuni za kikosi alizijua kuliko siku za kuzaliwa za wanawe: mbeba bendera sharti awe amenyoa, na msichana haruhusiwi kunyoa. Ukiziweka pamoja unaelewa kwa nini hakuna msichana aliyewahi kushika bendera. Hata siku ya usaili Rula hakujisumbua kwa maswali. Wenye kipara kulia, waende gwaride. Wenye nywele kushoto, waende kwaya. Dakika tatu tu, kazi imekwisha.

Sasa asubuhi hii alikuta kikaratasi kimepenyezwa chini ya mlango. "Kwenye safu yako ya bendera yumo msichana." Hakikuwa na jina wala sahihi. Na gwaride kuu lilikuwa kesho. Wakaguzi wakigundua, kikosi kizima kingetolewa uwanjani mbele ya wazazi.

Mama Faili, karani wa kikosi, alikuwa ameshatumwa kukusanya vyeti vya kuzaliwa majumbani. Lakini Rula hakuwa mtu wa kusubiri karatasi. Macho yake yalimtosha, au ndivyo alivyojiaminisha.

Watano aliwaondoa kwenye mashaka mapema. Walitoka shule moja, ile ambayo kila mwanafunzi hunyolewa apende asipende, na kikosini waliingia wameshaiva. Wakipiga mguu, madirisha yanatetemeka. Ukuta wa mazoezi wanauparamia bila kusukumwa. Kiongozi wao, Ngumi, aliwahi kung'oka jino mazoezini, akalitia mfukoni na kuendelea na saluti. Hapo mtu unauliza nini tena?

Kimbaumbau yeye alikuja peke yake, kutoka shule nyingine. Sauti nyororo. Vifungo vyake havikuwahi kulegea, na leo ndani ya bereti yake Rula alikuta sindano na uzi. Halafu ndewe ya sikio la kushoto ilikuwa na tundu.

"Na hili?"

"Waya wa uzio, afande. Nilikuwa mdogo."

"Waya ukatoboa pale pale pa hereni!"

"Ndiyo, afande."

"Na kitana?"

"Cha shangazi. Ana saluni. Jumamosi huwa namsaidia kusuka."

Rula alitabasamu, tabasamu la mtu aliyemkamata mwizi na kuku mkononi.

"Unasuka," alisema polepole. "Mvulana mzima, unasuka."

"Afande, nimefanya mazoezi na mpini wa ufagio miezi minne. Shangazi anafunga saluni kesho aje kuniona. Nakuomba, usininyang'anye bendera."

Sasa alilia wazi, mabega yakimpanda na kushuka. Rula aliona huruma kidogo, kwa kweli aliona. Lakini kesho ilimtisha zaidi.

"Afande, si yeye," Ngumi alisema ghafla. Wenzake wanne wakatazama viatu vyao.

"Umejuaje?"

"Najua tu, afande."

"Una moyo wa kiume, kumtetea mwenzio. Nimeupenda. Sasa nyamaza."

Kimbaumbau alivua bereti. Akavua glavu nyeupe, moja baada ya nyingine, akazikunja vizuri na kuziweka mezani. Kitana chake alikiokota chini, meno mawili yakiwa yamevunjika, akatoka bila kugeuka nyuma.

Bendera alikabidhiwa Ngumi. Aliipokea huku akiuangalia mlango aliopitia Kimbaumbau, na Rula akadhani ana hamu ya kurudi mazoezini. Akawatoa nje wakaendelee na mazoezi, kisha akakichana kile kikaratasi vipande vipande. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alivuta pumzi vizuri.

Mlango ulifunguliwa bila hodi. Mama Faili aliingia akihema, bahasha kwapani.

"Nimepishana na Kimbaumbau getini, analia mpaka kwikwi. Kulikoni?"

"Nimemnasa yule msichana, mama. Kumbe muda wote alikuwa ananichezea akili. Anashona, analia, anasuka, na sikio limetobolewa! Nimemtimua. Hivyo vyeti hata visingehitajika."

Mama Faili hakuketi. Nje, kishindo cha buti kilikuwa kikitikisa madirisha, na sauti ya Ngumi ikitoa amri. Mama alisikiliza kidogo, kisha akafungua bahasha na kuvipanga vyeti juu ya meza, kimoja kimoja, kama Rula mwenyewe alivyozoea kupanga watoto: vitano kushoto, kimoja kulia.

"Mkimbilie, afande, hajafika mbali," alisema. "Huyo ndiye mvulana pekee uliyekuwa naye."