Kupe wa Bungeni

Sekela alikuwa na miezi miwili tu bungeni. Siku hiyo aliingia nyumbani kwa kaka yake Ambokile, mhariri wa gazeti, huku damu ikimchuruzika usoni.

“Nimepigwa mawe sokoni, kaka.”

“Umewakosea nini?”

“Hata kuwasalimu sikuwahi. Walipiga kelele tu, ‘Kupe! Kupe wa bungeni!’ Mpaka mama Atupele, aliyenipigia kampeni!”

Ambokile akapigwa na butwaa. Neno hilo alilibuni mwenyewe. Aliliandika kwenye tahariri ya Jumatatu, akalirudia wiki nzima, akiwasema wabunge wote bila kumtaja mtu.

“Wamelitoa wapi neno baya namna hiyo, kaka?”

Ambokile alilowesha kitambaa kwa maji ya vuguvugu, akakikamua. Mkono ukagoma kufika kwenye shavu la mdogo wake.